Kukodi SUV ya umeme yenye kasi kubwa: uchambuzi wa kisa cha familia moja

Usuli

Mwishoni mwa 2024 familia moja iliamua kuachana na gari lake la dizeli na kukodi SUV ya umeme kwa mkataba wa muda mrefu. Niliingia kama mshauri, nikaombwa nipitie hesabu kabla hawajatia sahihi. Kazi zao, mji wao na kampuni iliyowakodisha nimeviondoa, na tarakimu za malipo nimezigeuza ili mkataba usitambulike, ingawa uwiano wake ni ule ule.

Wako wanne: mume, mke na watoto wawili wa shule ya msingi. Safari ya kila siku, shule na kazini kwenda na kurudi, ni kilomita 50 hivi, nyingi zikiwa za foleni. Mama mzazi wa mke anaishi kilomita 340 kutoka kwao, karibu njia yote ikiwa barabara kuu, na kila mwezi huenda kumwona. Mara nyingine hurudi naye akakaa wiki mbili tatu. Walikuwa na gari jingine dogo la petroli walilokusudia kubaki nalo.

Mume anapenda magari tangu ujana wake, na alisema wazi kwamba safari hii anataka gari lenye kasi ya kweli. Amefanya kazi miaka mingi akiendesha gari la wajibu, na sasa alitaka gari la furaha. Sikuona sababu ya kumbishia. Furaha ya kuendesha ni hitaji halali kama nafasi ya mizigo, na mshauri anayelipuuza humfanya mteja alitimize kwa siri, mara nyingi kwa bei mbaya zaidi.

Magari yaliyofika mezani

Orodha yake ya kwanza ilikuwa na Tesla Model X Plaid yenye nguvu farasi 1,020 na Lotus Eletre R yenye 905. Hayo mawili aliyatoa mwenyewe, kwa kuwa karakana za kuyahudumia zilikuwa mbali mno na kwao. Yakabaki BMW iX M60 na Porsche Macan Turbo ya umeme. Mke akaongeza la tatu ambalo mume hakulitaka: BMW iX xDrive50, yaani gari lile lile la kwanza lenye mota tulivu zaidi.

Kwenye karatasi, M60 ina nguvu farasi 619 na hutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 3.8. xDrive50 ina 523 na hutumia sekunde 4.6. Betri ni ile ile, kama kilowati-saa 105 zinazotumika. Macan Turbo hufika nguvu farasi 639 kwa muda mfupi inapoondoka kwa kishindo, na humaliza mbio hizo kwa sekunde 3.3, betri yake ni kilowati-saa 95 zinazotumika. Yote matatu ni mazito: Macan Turbo ni kama tani 2.4, iX ni tani 2.5 na zaidi.

Jambo moja huwachanganya wengi waliozoea petroli. Injini ya silinda nane hunywa mafuta hata gari likitambaa kwenye foleni. Mota ya umeme haina tabia hiyo: ukiiomba kilowati 15 hutoa 15 na kupoteza kidogo, hata kama uwezo wake ni kilowati 400. Kwa hiyo gari la umeme lenye nguvu nyingi haliwi lafi kwa sababu tu lina nguvu. Angalia Macan: toleo la Macan 4 hupimwa hadi kilomita 613 kwa chaji moja, Turbo 591. Tofauti ni ndogo. Lakini Lotus Eletre S hupimwa kilomita 600, na ndugu yake R mwenye betri hiyo hiyo hupimwa 490. Kinachokula umeme ni vile vinavyofuatana na nguvu: rimu kubwa, tairi pana zenye mshiko mkali, mota ya ziada na mpangilio wa gia. Kwa iX, xDrive50 ilipimwa hadi 630, M60 ikabaki takriban 560. Hivyo swali la maana lilikuwa kila gari linatoza nini kwa ile nguvu yake, na jibu hutofautiana kutoka gari hadi gari.

Jinsi mambo yalivyokwenda

*Majaribio ya kwanza*

Mume alikwenda peke yake. Muuzaji alimpeleka kwenye kipande cha barabara kilichonyooka, akamwambia akanyage. Alirudi nyumbani ameshaamua: M60. Aliporudia simulizi mezani, mke akamuuliza, "Baba watoto, hili gari ni letu au lako?" Swali hilo ndilo lililofanya waniite.

Nilipomhoji aliniambia mambo mengi juu ya msukumo wa kuondoka, na hakuwa na la kusema juu ya kiti cha nyuma, kelele za tairi wala jinsi gari lilivyopita kwenye lami iliyobomoka. Hakukaa humo muda wa kuyaona. Jaribio la dakika 15 kwenye barabara nzuri hupima kitu kimoja tu, na ndicho kitu ambacho magari haya yote yanakiweza.

*Majaribio ya pili*

Mke aliweka sharti: kila gari liendeshwe saa nzima, njia yao ya kila siku, watoto wakiwa nyuma pamoja na bibi yao, ambaye kwa bahati alikuwa amekuja. Hapo picha ikabadilika.

M60 waliyopewa ilikuwa na rimu za inchi 22. Kwenye barabara kuu ilikuwa tamu. Kwenye mashimo na matuta ya mtaani kwao kila kishindo kilifika kitini, na mama mkwe alishika mkono wa mlango karibu njia nzima. Mtoto mdogo alianza kichefuchefu. Mwanzoni walidhani ni springi, kumbe ni breki zinazorudisha umeme. Mume alikuwa ameziweka kwenye kiwango cha juu, na kila alipoinua mguu gari lilijivuta nyuma. Abiria asiyeshika usukani hajui mvuto unakuja lini. Walipozishusha, mtoto akatulia. Mpangilio huo hubadilishwa kwenye skrini, na familia yenye watoto inapaswa kuujaribu kabla ya kulaumu gari.

Macan ilimfurahisha mume kuliko zote kwenye kona. Ni fupi na nyembamba zaidi, na usukani wake unazungumza na mikono. Lakini umbali kati ya ekseli zake ni kama sentimita 289, na wa iX ni 300. Sentimita hizo 11 ziko karibu zote kwenye magoti ya abiria wa nyuma. Mama mkwe, ambaye goti lake moja linamsumbua, aliketi kati ya watoto akasema, "Wanangu, hapa nitafika, ila sijui kama nitashuka." Kwa buti, Macan haikuwa nyuma: lita 540, na nyingine 84 chini ya boneti ya mbele. iX ina lita 500, na boneti yake haifunguki kwa mtumiaji. Maji ya wipa hutiwa kupitia nembo. Mtu anayetegemea sanduku la mbele kuwekea nyaya za kuchajia anapaswa kulijua hilo mapema.

*Hesabu ya siku mbaya*

Niliwaomba waache kwanza namba za brosha. Kipimo cha WLTP, kile kinachotoa kilomita za brosha na kinachotumika Ulaya tangu 2017, kina wastani wa kasi wa kama kilomita 46 kwa saa, vituo vya kusimama vikiwemo. Safari ya kwa mama mkwe ni kilomita 120 kwa saa muda mrefu. Ukipanda kutoka 100 hadi 120, ukinzani wa hewa huongezeka kwa asilimia 44, kwa kuwa hufuata mraba wa mwendo. Kwa SUV, yenye uso mpana, hilo ndilo deni kubwa zaidi barabarani.

Tukakisia matumizi kwa mwendo huo: kilowati-saa 24.5 kwa kilomita 100 kwa xDrive50 yenye rimu za inchi 21, 27 kwa M60 yenye rimu za inchi 22, na 23 kwa Macan Turbo. Kisha tukajiuliza kila moja inafika wapi ikitoka na betri iliyojaa na kubakiza asilimia 10. xDrive50 inafika kilomita 386. Macan, 371. M60, 350. Safari ni 340, kwa hiyo zote zinafika siku nzuri. Siku ya mvua kubwa na upepo wa mbele, matumizi yakipanda kwa asilimia 15, xDrive50 inafika 336, Macan 323, na M60 kama 305. Ya kwanza inamaliza safari kwa kuchota kidogo kwenye akiba. M60 inalazimika kusimama kuchaji, au kupunguza mwendo.

Kwenye kuchaji Macan inaongoza kwa mbali. Mfumo wake wa volti 800 hutoka asilimia 10 hadi 80 kwa dakika 21, wakati iX ya mwaka ule ilihitaji kama 35. Lakini dakika hizo 21 zipo kwenye kituo chenye nguvu ya kutosha tu. Kwenye njia yao kulikuwa na vituo viwili, kimoja cha kasi na kingine cha kilowati 50. Kwenye hicho cha pili magari yote haya hungoja saa na robo au zaidi, na volti 800 haisaidii kitu. Mtu anayesafiri kila wiki kwenye njia yenye vituo vikubwa angefanya vizuri kuchukua Macan. Kwa familia inayosafiri mara moja kwa mwezi, na inayoweza kufika bila kusimama, faida hiyo ilikuwa ndogo.

*Hesabu ya mkataba*

Hapa ndipo nilipotaka wakae muda mrefu, kwa sababu wengi huangalia malipo ya mwezi na kupita.

Malipo ya mwezi yana sehemu mbili. Ya kwanza ni thamani ambayo gari litapoteza mikononi mwako: bei ya leo, toa thamani ya mwisho inayokadiriwa na kampuni, gawanya kwa miezi. Ya pili ni riba, inayotozwa kwenye wastani wa fedha za kampuni zilizofungwa ndani ya gari. Tuseme bei ya xDrive50 ni 100 na kampuni inakadiria kwamba baada ya miezi 36 itabaki na 55. Upotevu ni 45, sawa na 1.25 kwa mwezi. Riba ya asilimia 6 kwa mwaka inaongeza kama 0.39. Jumla 1.64.

Sasa M60, kwa bei ya 125. Kampuni iliikadiria ibaki na nusu ya bei yake, si asilimia 55, kwa kuwa wanunuzi wa magari yaliyotumika hawalipii sana nguvu farasi za ziada. Upotevu ni 62.5, sawa na 1.74 kwa mwezi, riba 0.47. Jumla 2.21. Bei imepanda kwa robo, malipo ya mwezi yamepanda kwa zaidi ya theluthi. Mume aliirudia hesabu hii mwenyewe kwenye karatasi, mara mbili. Alikuwa tayari kulipia robo. Theluthi ilimfanya akae kimya.

Ilikuja pia ofa ya kuvutia: malipo ya mwezi yashuke sana, wakitoa kianzio kikubwa. Kwa jumla ya fedha ilikuwa karibu sawa. Tatizo liko kwingine. Gari la kukodi ni mali ya kampuni; likiharibika kabisa kwenye ajali mwezi wa tatu, bima humlipa mwenye mali, na kianzio chako mara nyingi huondoka nalo. Niliwashauri wasitoe kianzio zaidi ya kilicholazimika, na wachukue nyongeza ya bima inayofidia pengo kati ya thamani ya gari na deni la mkataba.

Maamuzi na sababu zake

Walichagua xDrive50, miezi 36, rimu za inchi 21, na wakaongeza springi za hewa ambazo M60 huja nazo tayari.

Kutoka M60 kwenda xDrive50 mume alipoteza sekunde 0.8 za kuondoka. Gari la sekunde 4.6 bado linamsukuma mtu kitini kwa wastani wa zaidi ya nusu ya mvutano wa dunia, na kwenye kulipita lori kutoka kilomita 80 hadi 120 tofauti ya haya mawili karibu haionekani barabarani. Alikubali baada ya kuliendesha tena kwa saa nzima, na nilisisitiza akubali kwa mikono yake, wala si kwa karatasi yangu. Springi za hewa zilikuwa hoja ya mke. Ziada kwenye mkataba wa kukodi ni ghali kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu hupoteza thamani haraka kuliko gari lenyewe, kwa hiyo tulizikata nyingine zote: muziki wa bei kubwa, viti vya kukanda mgongo, taa za pambo. Hii moja tuliibakiza kwa kuwa wangeisikia kila siku, watano wote pamoja na mama mkwe.

Miezi 36 ilikuwa katikati. Mkataba wa 24 hubeba miaka ambayo gari hushuka thamani kwa kasi zaidi. Wa 48 ungewaingiza kwenye seti ya tatu ya tairi, huku teknolojia ya betri ikikimbia mbele yao. Na kukodi badala ya kununua kulikuwa na sababu nzito: soko la magari ya umeme yaliyotumika halitabiriki. Januari 2023 Tesla ilishusha bei za magari yake mapya kwa kiasi kikubwa, na thamani ya yale yaliyokwisha kuuzwa ikashuka nayo mara moja. Mwenye kukodi huwaachia wengine hatari hiyo.

Uamuzi uliobaki ulikuwa wa kilomita. Nilipendekeza 25,000 kwa mwaka. Mume alichukua 20,000, akiamini gari dogo la petroli litagawana kazi na hili jipya. Tulijadiliana, nikaandika pendekezo langu, naye akatia sahihi alichotaka.

Matokeo

Januari 2025, muda mfupi baada ya sahihi, BMW ilitangaza iX iliyoboreshwa. xDrive60 ilikuja na umbali wa hadi kilomita 701 kwa WLTP, na M60 ikapisha M70 yenye nguvu farasi 659. Mume alinipigia simu akiwa na uchungu. Nilimwambia jinsi ninavyoamini: gari lake halikupungua hata kilomita moja, na hasara ya thamani iliyosababishwa na tangazo lile haikuwa juu yake.

Nyumbani mambo yalianza kwa shida. Fundi aligundua kwamba waya mkuu wa nyumba haubebi jiko, hita ya maji na gari kwa pamoja. Kazi ya kuubadilisha ilichelewa kwa miezi, na kwa muda huo walichaji kwa kilowati 3.7. Kwa siku za kawaida haikuwa shida yoyote: kilomita 50 ni kama kilowati-saa 11, na hizo hurudi kwa saa tatu na kitu usiku. Safari ya kwanza ya kwa mama mkwe ndiyo iliyowakamata. Walianza kuchaji jioni ya kuamkia safari, wakaondoka na asilimia 78. Kwa hesabu ile ile ya 24.5, hiyo ni kilomita 290 na kidogo. Walisimama kwenye kituo cha kilowati 50, wakakuta foleni, wakafika usiku na watoto wamelala. Tangu hapo huanza kuchaji siku mbili kabla, na hawajasimama tena wakienda.

Kwa mama mkwe walichomeka kwenye soketi ya kawaida kupitia waya wa kurefusha. Baada ya saa chache plagi ilikuwa moto. Mke aliichomoa. Kuchaji ni mzigo usiopumzika kwa saa nyingi, tofauti na pasi au birika, na waya wa kurefusha wa nyumbani haukutengenezwa kwa kazi hiyo. Nyumba zimeungua kwa njia hii. Wakamwita fundi, akavuta waya wake pekee kutoka kwenye kisanduku cha swichi na kufunga soketi imara. Sasa gari hukaa hapo usiku mbili na kuondoka na chaji ya kutosha.

Matumizi ya wastani yamekaa kilowati-saa 21.5 kwa kilomita 100, na yale ya barabara kuu yako karibu na makisio yetu. Kuhusu kilomita, mwaka wa kwanza gari lilikwenda 27,000. Gari dogo la petroli lilikaa tu. Kuendesha umeme uliochajiwa nyumbani ni rahisi kwa mfuko na kutulivu kwa masikio, hivyo kila aliyeshika funguo alishika za iX. Zile 7,000 za ziada zingetozwa moja moja mwishoni kwa bei ya adhabu. Mwanzoni mwa mwaka wa pili waliomba mkataba ubadilishwe, kampuni ikakubali, na malipo ya mwezi yakapanda. Inauma, lakini ni nafuu kuliko kungoja mwisho.

Tairi za kwanza ziliisha kwenye kilomita 34,000 hivi.

Uchambuzi: kilichosaidia

Jaribio la saa nzima likiwa na abiria wote lilifanya kazi kubwa kuliko jedwali lolote nililoandika. Liliondoa Macan kwa sababu ambayo hakuna brosha ingeiandika, na liliigeuza nia ya mume bila mtu kumshinda. Kama muuzaji hakubali saa nzima, kodi gari la aina hiyo kwa siku moja; gharama yake ni ndogo ukilinganisha na miezi 36 ya malipo.

Kupanga kwa siku mbaya ya kawaida pia kulisaidia. Nasema ya kawaida kwa makusudi. Mtu akipanga kwa ajili ya safari ya kilomita 900 anayoifanya mara moja kwa miaka mitatu, atakodi betri kubwa na kuibeba kila siku kwenda kazini. Safari ya kila mwezi ndiyo iliyostahili kuamua, na kwa kweli iliamua.

Kilichonipa faraja zaidi ni kwamba raha ya mume haikutupwa. Tungemsukuma kwenye gari la polepole, angekuwa ameshauvunja mkataba, na kuvunja mkataba wa kukodi katikati ni ghali kupita kosa lolote lililotajwa humu. Nilimuuliza kama anaikumbuka M60. Akasema, "Barabarani siikumbuki. Naikumbuka nikiiona imeegeshwa." Hilo naliheshimu. Kuna watu ambao kwao kuiona imeegeshwa kunatosha kuwa sababu, na wakijua kwamba wanalipia theluthi zaidi, waichukue.

Uchambuzi: kilichoshindwa

Kosa la kilomita lilitokana na kukadiria gari jipya kwa tabia za gari la zamani. Familia yenye magari mawili ikileta la umeme, hilo huwa la kwanza na lile jingine hugeuka akiba. Hesabu sahihi ingekuwa kujumlisha kilomita za magari yote mawili na kuchukua karibu zote. Kampuni nyingi hutoza kilomita za ziada kwa bei ya juu kuliko zile zilizonunuliwa mwanzoni, na si zote hurudisha fedha kwa zisizotumika, kwa hiyo muulize mkodishaji mambo mawili kabla ya sahihi: ziada inatozwaje, na mkataba unaweza kubadilishwa lini.

Umeme wa nyumbani ulipaswa kukaguliwa kabla ya gari kuagizwa. Hapa mpangilio wetu wote ulikuwa kinyume: tulichunguza mota hadi nukta za sekunde, na ukaguzi wa waya wa nyumba ukaachwa hadi gari limeshafika. Fundi wa umeme anayepima mzigo wa nyumba humaliza kwa muda mfupi. Anachokigundua huamua kama kilowati 11 za chaja ya gari zina maana yoyote kwako, au utaishi na 3.7 kama wao.

Tairi hazikuwa kwenye bajeti. Gari la tani mbili na nusu, lenye msukumo unaofika magurudumuni papo hapo, hula tairi kwa kasi, na za inchi 21 si za bei ya kawaida. Baadhi ya magari mazito ya umeme huhitaji tairi zenye alama ya HL, yaani za kubeba mzigo wa juu zaidi. Kufunga za chini ya kiwango ni hatari, na kampuni inaweza kuzikataa gari likirudishwa. Kwa mkataba wa kilomita 75,000 na kuendelea, weka seti mbili kwenye hesabu. Kama mkodishaji ana kifurushi cha matengenezo chenye tairi ndani, kilinganishe na bei ya dukani badala ya kukikataa kwa mazoea.

Limebaki la kurudisha gari mwaka 2027. Mkataba unawapa haki ya kulinunua kwa thamani ya mwisho iliyoandikwa. Soko likiwa chini ya hapo, watakabidhi funguo. Likiwa juu, watalinunua hata kama ni kwa kuliuza. Rimu ya mbele kushoto imeshakwaruzwa na ukingo wa barabara, na nimewaambia waitengeneze kwa fundi wao mwezi mmoja kabla ya ukaguzi, wakiwa na picha na risiti, kwa sababu mkaguzi hutoza bei ya rimu nzima.